Sura ya Sita: Wingu Juu ya Mwaloni

Inspekta Fulbert Lanquetin aliingia katika kituo cha askari saa mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, akapokelewa na sauti aliyoifahamu tangu utotoni: sauti ya mtu anayepigwa na watu wasio na haraka.

Hakubisha hodi. Ndani, Sajini Roquebert alikuwa amekunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko, na mvunja mawe Mathurin Coquereau amefungwa kwenye kiti, mkono wake wa kulia umebanwa ndani ya droo ya meza. Askari mwingine alikuwa ameegemea droo ile kwa paja, kama mtu anayesubiri supu ichemke.

"Karibu, Inspekta," alisema Sajini. "Tulikuwa tunazungumza."

"Naona. Mazungumzo yamemwagika mpaka sakafuni." Lanquetin aliinyanyua kofia yake kwa adabu, akamwendea yule askari aliyeegemea droo, akamkanyaga kidole gumba cha mguu kwa uzito wake wote. Askari alipiga yowe na kuruka. Droo ikafunguka. "Samahani, kijana. Chumba kidogo hiki."

Vidole vinne vya Mathurin vilitoka vimevimba, vyeusi, kimoja kimeelekea upande ambao vidole havielekei. Mvunja mawe mwenyewe hakulia. Alikuwa na jicho moja tu lililofunguka, na jicho hilo lilimtazama Lanquetin bila matumaini yoyote.

"Gari la kumpeleka Melun linafika saa tisa mchana," alisema Sajini. "Mahakama ya huko haina mzaha na wauaji. Kabla ya Noeli kichwa chake kitakuwa kimekatwa, kimeangukia kapuni. Wewe Paris wamekutuma kutia sahihi tu, basi tia, ukale."

"Nitatia. Lakini mimi husoma kwanza. Ugonjwa nilioupata jela, nikiwa mlinzi."

Alisoma huku amesimama. Jumanne, wanawake waokota kuni walimwona mpiga picha Léonce Thiberge akiwa mzima saa tisa alasiri, kwenye machimbo ya mawe. Saa kumi na nusu ilishuka dhoruba iliyong'oa mapaa. Baada ya mvua walimkuta chini ya mwamba, kichwa kimepasuliwa, nyundo ya Mathurin ubavuni pake. Ardhi chini ya maiti ilikuwa kavu. Basi alikufa kabla ya mvua. Na wiki moja kabla, mbele ya kilabu kizima cha divai, Mathurin alikuwa ameapa kumvunja Léonce sanduku lake la picha, halafu kichwa, kwa sababu hema la mpiga picha liliziba njia ya mikokoteni.

"Ulisema hivyo?" Lanquetin alimuuliza.

"Nilisema." Sauti ilitoka katikati ya midomo iliyopasuka. "Kesho yake akahamisha hema, akaninunulia bilauri moja. Yakaisha. Nyundo zetu hulala machimboni, bwana. Nani anaibeba nyundo ya ratili kumi na tano kwenda nayo nyumbani?"

"Mwongo," alisema Sajini.

"Labda. Maiti iko wapi?"

Maiti ilikuwa katika ghala la barafu nyuma ya nyumba ya wageni, baina ya mapipa ya siagi na nusu ya ng'ombe. Lanquetin alivua koti, akaomba taa, akakaa nayo karibu saa nzima, huku Sajini akikohoa mlangoni. Kisogo cha Léonce kilikuwa kimesagwa kama yai lililokanyagwa. Pigo la nyundo, bila shaka, mapigo matatu. Lakini damu pale ilikuwa haba mno kwa uharibifu mkubwa kiasi kile. Aliziosha nywele, akazipanga upande, kipande kwa kipande, mpaka kwenye panja la kushoto. Pale chini ya nywele palikuwa na tundu. Tundu la duara, safi, upana wa kitufe cha kizibao. Aliingiza kijiti cha kiberiti, kikazama chote.

"Sajini, hebu nionyeshe upande wa nyundo unaotoboa hivi."

Sajini aliinama, akatazama, akanyooka. "Jiwe lenye ncha. Alianguka juu yake."

"Jiwe linalotoboa fuvu kama msumari wa seremala, halafu likaondoka zake? Huyu mtu alichomwa kwanza. Damu ilitokea hapa, ikamwagika, ikaisha. Nyundo ilikuja baadaye, kupiga maiti, ili wewe uione nyundo."

"Basi ni Mathurin aliyemchoma."

"Kwa nini mwenye nyundo amchome mtu kwa kitu kingine, akifiche hicho kitu, kisha aiache nyundo yake mwenyewe na jina lake limechongwa mpinini?" Lanquetin alijipangusa mikono. "Nani mwingine alikuwa na neno na marehemu?"

"Hakuna. Mwenzake tu wa kazi, Bwana Malbois, na huyo hagusiki. Ana picha."

Picha ilikuwa ofisini, imewekwa ndani ya bahasha kama hati ya ndoa. Sajini aliitoa kwa ncha za vidole. Hata yeye alishusha sauti.

Lanquetin alikiri moyoni kwamba ilikuwa kitu cha kumsimamisha mtu. Mwaloni mkubwa uliokufa ulisimama peke yake kwenye uwanda, umekatika mkono. Tawi lake kubwa limelala miguuni mwake kama mtu aliyeanguka vitani. Kivuli cha mti kilinyooka upande wa kulia mpaka kugusa mwamba wenye umbo la padri aliyeinama. Na juu ya yote hayo lilitanda wingu zito, jeusi tumboni, ukingo wake wa kulia ukimeta kama panga. Mtu ukiitazama unasikia kwamba kuna jambo linakuja, wala si jema.

"Mti ule uko umbali wa saa mbili kwa miguu kutoka machimboni," alisema Sajini. "Tawi lilianguka Jumatatu usiku. Mti wenyewe walinzi wa msitu waliukata Jumatano alfajiri. Kwa hiyo picha ni ya Jumanne. Na Jumanne mbingu ilikuwa nyeupe peee, bila wingu hata moja, mpaka saa tisa. Mawingu yalikuja na dhoruba. Hebu hesabu mwenyewe. Bwana Malbois alikuwa pale, kati ya saa tisa na saa kumi na nusu, wakati mwenzake anakufa kule. Mashine haisemi uongo."

"Mashine haisemi. Wenye mashine je?"

"Na si picha za kupiga leo ukaziosha kesho, Inspekta. Kioo kinapakwa dawa palepale, kinapigwa kikiwa kibichi, kinaoshwa palepale hemani. Robo saa ikipita kimekufa."

"Umesoma sana."

"Bwana Malbois alinieleza."

"Mwalimu mzuri," alisema Lanquetin, akaiweka picha kifuani ndani ya koti lake. "Naiazima. Mpaka saa tisa usimguse Mathurin. Ukimgusa, Sajini, nitaandika ripoti ndefu, na nina mwandiko mzuri."

*

Njiani alimkuta Évariste Malbois barazani mwa nyumba ya wageni, akinywa kahawa, amevaa kitambaa cheusi cha matanga shingoni, kimefungwa vizuri kuliko matanga yanavyohitaji. Vidole vyake vilikuwa na madoa meusi ya dawa ya fedha, kama vya wapiga picha wote.

"Inanihuzunisha kuitazama," alisema Malbois alipoonyeshwa picha. "Sikujua, naipiga, Léonce anakufa. Lakini ona: mti uliokatwa mkono, ni ndugu aliyepoteza ndugu. Wingu ni majaliwa. Mwamba ule unamwombea. Maumbile yalijua, Inspekta. Yaliniambia kabla sijaambiwa na watu."

"Mimi mtu wa mitaani, bwana. Naona mti, wingu na jiwe."

"Ndiyo maana wewe ni polisi." Malbois alitabasamu kwa upole. "Picha ya mandhari si ramani. Ni hali ya moyo. Paris watu wamelia mbele ya kazi zangu. Wanaume, wenye ndevu."

"Mimi nimeliza wanaume wengi wenye ndevu," alisema Lanquetin, "na sijawahi kupewa medali." Akainua kofia, akashika njia ya msituni.

Alifika kwenye kisiki saa nne na nusu, jasho likimtiririka. Mwaloni ulikuwa umekwisha kuwa magogo, lakini tawi lililoanguka lilikuwa palepale, na mwamba wa padri ulikuwa palepale, umeinama kwa dhambi za watu wengine. Lanquetin alirudi kinyumenyume akiwa ameishika picha mbele ya uso, mpaka tawi, kisiki na mwamba vikakaa kama vilivyokaa kwenye karatasi. Miguuni pake, kwenye majani, palikuwa na matundu matatu yaliyopangika pembetatu. Miguu mitatu ya kamera. Aliinama, akatia kijiti cha kiberiti katika moja. Kikazama chote.

Alikaa akiyatazama matundu yale kwa muda. Duara, safi, upana wa kitufe cha kizibao.

Kisha akageuka kulitafuta jua. Lilikuwa kushoto kwake, bado upande wa mashariki, na vivuli vya miti midogo vilielekea kulia, kwenye mwamba. Kama pichani. Saa kumi alasiri jua lingekuwa limekwenda upande wa padri, na kivuli kingemkimbia padri badala ya kumgusa. Tena kivuli kipi? Jumanne saa kumi, kila aliyehojiwa alisema kijiji kizima kiliwasha taa kwa giza. Na upepo ulikuwa unang'oa mapaa, ilhali pichani kila jani la kichaka lilitulia kana kwamba limeambiwa lisipumue.

Mti ule ulipigwa picha asubuhi. Angeweza kuapa mbele ya hakimu yeyote.

Sasa lile wingu lilitoka wapi?

*

Bibi Zélie Aubertot aliishi mwisho wa kijiji na kuku mia moja na hamsini. Wapiga picha wote wa msitu ule walimtegemea, kwa sababu karatasi za picha hupakwa ute wa yai, na yeye ndiye aliyezipaka, kuzianika na kuwachapia picha zao. Viini alivigeuza keki na kuwauzia walewale. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono iliyobabuka na ulimi usiobabuka.

"Polisi!" alisema. "Yule wa hapa huja kununua mayai, huniambia niyahesabu taratibu ajifunze."

"Mimi najua mpaka thelathini, mama. Nitazamie hii."

Bibi Zélie alipangusa mikono kwenye aproni, akaishika picha mbali na macho, kisha karibu. Tabasamu lilimtoka usoni.

"Nani kachapa hii?"

"Malbois mwenyewe."

"Ndiyo maana sikuiona." Aliingia ndani, Lanquetin akasikia makabati yakipigwa. Akarudi na picha ya bahari: mawimbi, ngalawa tupu ufukweni, na juu yake wingu zito, jeusi tumboni, ukingo wake wa kushoto ukimeta. "Dieppe. Julai. Léonce, Mungu amrehemu, ndiye aliyelipiga. Haya, linganisha."

Lanquetin alilinganisha. Alichanganyikiwa, mpaka Bibi Zélie alipoipeleka picha ya bahari kwenye kioo cha ukutani. Kiooni wingu liligeuka. Kila mkunjo, kila mpasuko, hadi kijipande kidogo kama manyoya kilichojitenga pembeni: lilikuwa lilelile.

"Wanaazima mawingu?" alisema Lanquetin.

"Wee, umezaliwa jana? Vioo vyao vinaiona mbingu upesi kuliko ardhi. Ukingoja mti utoke vizuri, mbingu imeshaungua, nyeupe kama shuka. Sasa picha yenye mbingu nyeupe haimlizi mtu. Kwa hiyo wana masanduku ya mawingu. Wingu la huzuni, wingu la matumaini, wingu la Jumapili. Wanapiga mti kwa kioo kimoja, wanabandika mbingu ya kioo kingine, karatasi moja. Wote wanafanya. Wote wanakanusha."

"Na huyu amegeuza kioo."

"Kwa aibu! Wingu hili lilishaonekana maonyeshoni juu ya bahari, likapata medali kwa jina la Malbois. Akililaza lilivyo, watu watalitambua. Basi akalipindua." Alicheka kicheko kifupi, kikali. "Mjinga. Angeliacha lilivyo, mwanga ungetoka kushoto, ukubaliane na kivuli cha mti. Sasa chini jua liko kushoto, juu jua liko kulia. Nchi gani hii ina majua mawili?"

"Kwa jina la Malbois, umesema. Si kalipiga Léonce?"

Bibi Zélie alimfukuza kuku miguuni. "Mawingu yote mazuri ni ya Léonce. Malbois ana koti, ana maneno. Jumatatu Léonce alikuja kwangu, akaniambia amechoka. Jumatano angepanda gari kwenda Paris awaeleze wasimamizi wa maonyesho kioo kwa kioo. Nilimwambia, mwanangu, usimwambie Malbois kabla. Akasema, siwezi kumzunguka rafiki."

Saa ya kanisa iligonga saa sita na nusu.

"Mama," alisema Lanquetin, "dirisha lako lile lina ufa. Niuzie kioo chake."

*

Saa nane kamili alipanda ngazi za nyumba ya wageni akiwa na kitu cha bapa kilichofungwa kwa kitambaa cheusi chini ya kwapa. Nyuma yake, kwenye ushoroba, walisimama Sajini Roquebert na hakimu mpelelezi, wote wawili na nyuso za watu walioachishwa chakula.

"Msiingie mpaka niwaite," aliwanong'oneza. "Au mpaka nipige kelele. Mimi hupiga kelele kwa sababu za maana tu."

Malbois alikuwa akifunga mizigo. Kamera ilisimama dirishani juu ya miguu yake mitatu. Chumba kilinuka etha ya dawa zake za vioo.

"Nimekuja kuaga," alisema Lanquetin kwa furaha. "Kumbe mashine yako inasema ukweli. Mti wa Jumanne, saa tatu asubuhi."

"Alasiri."

"Kivuli kinasema asubuhi. Wingu ndilo linalosema alasiri, na wingu ni la Dieppe." Aliliinua furushi lake. "Nimekipata kioo chenyewe, Bwana Malbois. Ulipokuwa ukila."

Macho ya Malbois yalikwenda kwanza kwenye kamera. Yakarudi kwenye kitambaa cheusi. Safari ile ya macho ilichukua muda mfupi kuliko kupepesa, lakini Lanquetin alikuwa amekuja kwa ajili yake tu.

"Kizuri," aliendelea. "Hukuweza kukivunja, eh? Hata mimi nisingeweza. Léonce alikuwa fundi."

"Léonce alikuwa kibarua!"

Alimrukia. Lanquetin hakujua kwamba mtu mwembamba vile anaweza kuwa na uzito vile. Walipiga ukuta pamoja, chupa zikaanguka, furushi likamtoka mkononi, na Malbois alilikanyaga kwa visigino viwili, mara tatu, mara nne, vioo vikilia ndani ya kitambaa, huku akipiga kelele iliyosikika ushoroba mzima.

"Alisema atawaambia! Alisema mawingu ni yake! Watu walilia mbele ya picha ile! Walinililia mimi! Nilimwomba, nilipiga magoti kwenye vumbi lile, akaniambia, pole, Évariste. Pole!"

"Ukamchoma."

Malbois aliusukuma mwili wa kamera ukaangukia kitandani, akauchomoa mguu mmoja, mti mrefu wenye ncha ya chuma, akaja nao kama mtu anayechoma nguruwe. Lanquetin aliinua mkono kukinga uso. Ncha ilipita baina ya mifupa miwili ya mkono, ikatokea upande wa pili, ikasimama kidole kimoja kutoka jichoni mwake. Hapo akapiga kelele. Kisha, kwa kuwa Malbois alikuwa ameushika mti kwa mikono yote miwili na uso wake uko wazi, alimpiga kichwa. Alisikia pua ya mpiga picha ikivunjika, sauti aliyoijua, kwa kuwa yake ilikuwa imevunjika mara tatu. Akampiga tena. Malbois alikwenda chini juu ya vigae vya chupa, akatambaa, mkono ukiifuata chupa ndogo ya bluu iliyobaki nzima, ile dawa ya kuoshea picha inayoua farasi kwa funda moja. Lanquetin aliipiga teke ikaruka dirishani.

"Hapana, bwana. Wewe utakwenda Melun ukiwa mzima. Gari limeshalipiwa."

Mlango ulifunguka. Hakimu alitazama damu, akatafuta mahali pa kuweka kofia, akakosa.

"Mmesikia?" aliuliza Lanquetin. "Vizuri. Sajini, nishikie mti huu, unauma. Vuta. Polepole, baba! Sasa lichukue hili tundu langu ukalilinganishe na la marehemu." Alikaa kitandani, mweupe kama karatasi. "Na hicho kioo alichokikanyaga ni cha dirisha la Bibi Zélie. Wingu liko ndani ya kamera. Fungua kwa adabu."

Walifungua. Lilikuwa pale, limefungwa katika hariri, zima, kubwa, jeusi tumboni.

*

Gari la Melun liliondoka saa tisa na robo, na aliyekuwa ndani alikuwa na kitambaa cheusi shingoni.

Mathurin Coquereau alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha kituo, mkono wake wa kulia umelazwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine. Fundi wa mifupa alikuwa ameshamwambia: viwili vitapona, viwili havitashika tena mpini. Lanquetin alikaa karibu naye, mkono wake mwenyewe umefungwa bendeji iliyokwisha kulowa. Alitafuta mzaha wa kusema, akakosa, jambo lililomtokea mara chache. Akaitoa picha.

"Hii ndiyo ilikuwa inakupeleka kapuni. Tazama."

Mvunja mawe aliinamia karatasi kwa jicho lake moja. Alitazama muda ambao mtu huvuta pumzi na kuitoa. Kisha akaweka kidole cha mkono wa kushoto juu ya mbingu.

"Wingu hili si la hapa," alisema.

Sajini Roquebert, aliyekuwa mlangoni, aligeuka.

"La hapa linakuja na mchanga," alisema Mathurin, "tumbo lake ni la manjano, linaburuta chini. Sisi tunafanya kazi chini yake miaka thelathini, tusipolijua tunakufa kwenye maporomoko. Hili ni la bahari. Mtoto wangu angelijua."

"Kwa nini hukusema?" Sajini alifoka. "Siku nne nakuuliza! Kwa nini hukusema?"

Mathurin alimrudishia Lanquetin picha, taratibu, kwa mkono wa kushoto, asiichafue.

"Hukunionyesha," alisema.